Kuongeza nguvu ya injini ya Harley-Davidson Milwaukee-Eight: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu injini ipi hasa?

Milwaukee-Eight, ile ambayo Harley-Davidson ilianza kuifunga kwenye pikipiki zake za safari ndefu za modeli ya 2017, kisha kwenye zile za aina ya Softail za 2018. Ni injini ya V ya nyuzi 45, silinda mbili, vali nne kwa kila silinda (ndiyo "nane" ya kwenye jina), plagi mbili kwa kila hedi (kifuniko cha juu cha silinda), na kamshafti moja tu, yaani mhimili unaofungua vali, iliyokaa chini pembeni ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Fimbo nne ndizo zinazosukuma vali: kila fimbo inainua vali mbili kwa mpigo mmoja.

Zimetoka kwa saizi tatu kuu, na namba zake ni inchi za ujazo. Ya 107 ina silinda ya kipenyo cha mm 100 na mwendo wa pistoni wa mm 111, jumla cc 1,746. Ya 114 ni mm 102 kwa mm 114.3, cc 1,868. Ya 117 ni mm 103.5 kwa mm 114.3 ileile, cc 1,923. Zikumbuke hizo namba, tutazirudia kwenye habari ya kutanua silinda.

Mwenye kruza ya Kijapani atapata humu mengi ya kumfaa, maana fizikia ni moja. Mwenye Twin Cam, injini ya Harley iliyotangulia hii, ana swali lake chini.

Nataka pikipiki iwe na nguvu zaidi. Ninunue nini kwanza?

Usinunue kitu bado. Angalia kwanza mshale wa mizunguko unakaa wapi siku nzima. Kwa gia ya sita, kwenye kilomita 100 kwa saa, injini hii inazunguka karibu mara 2,200 hadi 2,400 kwa dakika. Ukiovateki lori bila kushuka gia, kazi yote inafanyika kati ya 2,300 na 3,000. Kikomo cha kiwandani kiko karibu 5,500, na wengi wetu hatufiki huko hata mara moja kwa wiki.

Hesabu yenyewe ni hii: kilowati ni sawa na msokoto wa injini (nguvu yake ya kuzungusha) kwa nyutoni-mita, Nm, zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawanya kwa 9,549. Injini inayotoa Nm 140 kwenye 2,300 inatoa kW 33.7, karibu nguvu-farasi 46. Ukiiongezea Nm 15 hapohapo inafika farasi 51 hivi. Hao farasi watano utawasikia kila siku kwenye mkono wako wa kulia. Sasa chukua kifurushi kingine kinachoongeza farasi kumi lakini kwenye 5,200: kwenye karatasi kinashinda, barabarani kitakufanya ushuke gia mbili ndipo ukikute. Kwenye pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 350, pamoja na abiria na mabegi, huo si utani.

Kwa hiyo swali la "farasi wangapi?" liweke pembeni. Muuza vifaa muulize: msokoto unaongezeka kiasi gani kati ya 2,000 na 3,500? Asiyekuwa na mchoro wa kukuonyesha, muage kwa heshima.

Watu husema "Stage 1", "Stage 2". Maana yake nini?

Ni mpangilio wa Harley yenyewe, na wengine wameuiga. Hatua ya 1: chujio la hewa linalopitisha zaidi, sailensa au ekzosi nzima, na kompyuta ya injini kuandikwa upya. Hatua ya 2: hayo yote pamoja na kamshafti. Hatua ya 3: silinda na pistoni kubwa zaidi. Hatua ya 4: hedi zilizochongwa njia, throto bodi, yaani mlango wa hewa ya injini, kubwa (mm 64 badala ya mm 55 ya kiwandani) na nozo kubwa za mafuta.

Kila hatua inasimama juu ya iliyotangulia. Ukifunga kamshafti kali huku ekzosi na chujio ni vya kiwandani, umemfunga mwanariadha barakoa.

Je, nikibadilisha sailensa tu na kuacha mengine?

Sailensa peke yake, huku bomba la mbele lenye katalisti (kisafisha moshi) limebaki, haiharibu kitu. Utapata mlio, na nguvu kidogo sana. Kompyuta inaweza kufidia tofauti hiyo.

Shida inaanza ukifungua pande zote mbili, chujio na bomba zima la ekzosi, halafu ukaacha ramani ya mafuta, yaani majedwali ya kompyuta ya injini, ileile. Vihisi vya oksijeni vya kiwandani vinajua kusoma sehemu moja tu: pale hewa na mafuta vinapokaribia 14.7 kwa 1. Ukiwa unatembea taratibu, kompyuta inafuata vihisi na mambo yanakwenda. Ukifungua mafuta kwa nguvu, kompyuta inaacha kuvisikiliza na kufuata jedwali lake lililoandikwa kwa ajili ya vifaa vya zamani. Hapo hewa imezidi, mafuta hayatoshi, injini inachemka na inaweza kuanza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda. Mafuta yakiwa wazi kabisa, uwiano unatakiwa uwe karibu 12.8 hadi 13.2 kwa 1.

Milipuko midogo ya "pa-pa-pa" ukiachia mafuta ni jambo jingine, na mara nyingi si ramani. Kagua kwanza gasketi ya ekzosi pale bomba linapoingia kwenye hedi: zile nati mbili kwa kila hedi zikifungwa upande mmoja zaidi ya mwingine, hewa ya nje inanyonywa na mafuta yaliyobaki yanawakia ndani ya bomba. Zilegeze, weka bomba sawa, zikaze kwa zamu kidogo kidogo, na ufunge vishikio vya bomba mwishoni kabisa.

Ekzosi ipi: mbili-kwa-moja, au bomba mbili zilizo huru?

Kwa msokoto wa kati, mabomba mawili yanayokutana kuwa moja ndiyo mshindi, na sababu inajulikana: wimbi la moshi wa silinda moja linasaidia kufyonza moshi wa nyingine wakati vali za kuingiza na kutoa zimefunguka kwa pamoja. Mabomba mawili yaliyo huru yana sura nzuri na sauti ya kukata roho, lakini mara nyingi yanachimba shimo kwenye mchoro wa msokoto pale 2,500 hadi 3,500, yaani palepale unapoishi. Mabomba mafupi yaliyonyooka bila kizuizi ndani ni mabaya zaidi, kwa sababu wimbi linarudi nyuma na kuchafua hewa mpya.

Kelele kubwa inadanganya sikio. Daino, mashine ya kupima nguvu kwenye gurudumu, haina sikio.

Kifaa cha kutuni nichague kipi?

Vya kufahamika ni Power Vision ya Dynojet na FP ya Vance & Hines; Harley nayo inauza chake. Vyote vinaandika upya kompyuta ileile ya pikipiki, na mara nyingi kifaa kikishafungwa kwenye pikipiki moja hakihami kwenda nyingine bila kulipia. Ukinunua kilichotumika, hakikisha mwenye nacho amekifungua kwanza.

Kuhusu ramani yenyewe una njia tatu. Ya kwanza ni ramani iliyokwisha kuandikwa kwa mchanganyiko wako wa vifaa. Kwa Hatua ya 1 inatosha kabisa. Ya pili ni kurekodi safari zako na kumtumia mtaalamu kwa barua pepe akarekebisha, ukarudia mara tatu au nne. Njia hii inamfaa aliye mbali na daino, kama wengi walio Afrika Mashariki. Ya tatu ni daino yenye breki, fundi akishikilia injini kwenye kila pembe ya jedwali: kamshafti ikishabadilishwa, na hasa silinda zikitanuliwa, hii ndiyo kazi kamili.

Usihadaike na vile vijiwaya vinavyochomekwa kwenye kihisi cha joto la hewa ili kuidanganya kompyuta kuwa kuna baridi. Vinaongeza mafuta kila mahali, hata pasipohitajika.

Kamshafti: nichague ya "msokoto" au ya "nguvu"?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kamshafti inaamua vali zifunguke lini, kwa urefu gani, na zifunge lini. Kati ya namba zote zilizo kwenye karatasi yake, anza na moja: nyuzi ambazo vali ya kuingiza hewa inafunga baada ya pistoni kufika chini. Pistoni inaanza kupanda huku vali hiyo bado iko wazi. Kwenye mizunguko ya chini, hewa inayoingia haina kasi, hivyo pistoni inairudisha nje, msokoto unapungua. Kwenye mizunguko ya juu, hewa ina kasi ya kutosha kuendelea kuingia hata pistoni ikipanda, nguvu inaongezeka. Vali ikifunga mapema unapata chini, ikichelewa unapata juu. Hakuna kamshafti inayotoa vyote viwili kwa ujazo uleule.

Kama kipimo cha mkono, ukipima pale vali ilipoinuka inchi 0.053: inayofunga chini ya nyuzi 30 ni ya msokoto, na inayovuka 40 ni ya kupandisha mizunguko. Injini ya 107 yenye kompresheni (mkandamizo wa hewa ndani ya silinda) ya kiwandani ya 10 kwa 1 ukiipa kamshafti ya nyuzi 45, itakuwa goigoi mpaka 3,500, halafu iamke ghafla. Mwenye pikipiki atasema "imeongezeka nguvu!" kwa sababu anasikia ule mruko. Mchoro utaonyesha kuwa chini ilipoteza.

Kompresheni na kamshafti vinakwenda pamoja. Vali inayochelewa kufunga inapunguza msukumo halisi ndani ya silinda, ndiyo maana kamshafti kubwa hutakiwa pistoni za kompresheni kubwa. Na kinyume chake: ukiweka pistoni kali na kamshafti inayofunga mapema, msukumo unazidi na petroli ya kawaida inagonga. Kwa petroli ya pampu, kipimo cha geji ya kompresheni (injini ya moto, mafuta yamefunguliwa wote, plagi zimetolewa) kikizidi psi 200 hivi kwenye usawa wa bahari, umeanza kucheza na moto.

Kwa wengi wenye 107 na 114 wanaosafiri na abiria, kamshafti ya msokoto pamoja na Hatua ya 1 ndiyo mwisho wa safari, na ni mwisho mzuri. Injini ya 107 inayotoa farasi 75 hadi 80 kwenye gurudumu ikiwa ya kiwandani huishia karibu 90, na mabadiliko yanasikika kuanzia 2,000.

Kubadilisha kamshafti kunahitaji vifaa gani?

Kamshafti yenyewe, beringi ya ndani ya kamshafti, lifta nne mpya (vipande vinavyokaa kati ya kamshafti na fimbo), fimbo nne, gasketi ya kava la kamshafti na oringi zote za mirija ya fimbo, oili lita 4.7 hivi kwa Softail, ya 20W-50, na chujio lake. Zana maalumu: kifaa cha kuvuta beringi ya ndani itoke, cha kusukuma mpya iingie, na spana ya kupimia mkazo. Fundi mzoefu anatumia kati ya saa tano na saba.

Beringi ya ndani usiirudishe ya zamani, hata kama inaonekana mpya. Ya kiwandani ina sindano chache. Ya kubadilishia ina sindano nyingi zilizojazana na inabeba springi kali zaidi. Ikipasuka, vipande vinaingia kwenye pampu ya oili, na hapo gharama ni ya injini nzima.

Fimbo za kurekebishika zinaokoa kazi. Fimbo za kiwandani ni za urefu usiobadilika, kwa hiyo kuzitoa kunataka kufungua kava za juu. Za kurekebishika zinaingia kwa chini: za zamani unazikata, unazitupa. Tumia kikatio cha boliti. Msumeno wa mashine unamwaga vumbi la chuma ndani ya injini.

Hatua zenyewe zikoje, na wapi watu huharibu?

Toa plagi, weka gia ya sita, nyanyua gurudumu la nyuma ili uweze kuzungusha injini kwa mkono. Toa ekzosi, kava la kamshafti, fimbo na mirija yake. Kabla ya kuvuta kitu, panga alama za sprokiti ya krenki na ya kamshafti zitazamane, uzipige picha. Kisha toa sprokiti na mnyororo, sahani ya kamshafti, halafu kamshafti. Badilisha beringi. Rudisha kwa mpangilio wa kinyume, kila sehemu ikipakwa oili ya kuunganishia.

Pampu ya oili inazungushwa na krenki yenyewe, na hapo ndipo kosa la kwanza. Acha skrubu zake zimelegea, zungusha injini taratibu huku ukizikaza kidogo kidogo ili ijiweke katikati. Ukizikaza kwanza, pampu inakaa upande, inajisaga, na presha inashuka. Oringi ya pampu ikibanwa vibaya, oili hairudi vizuri kutoka chini.

Kosa la pili ni kwenye kuseti fimbo. Peleka silinda moja mpaka pistoni iwe juu kabisa kwenye mkandamizo. Hapo lifta zake zote mbili zimekaa kwenye mgongo wa kamshafti. Refusha fimbo kwa vidole mpaka iache kucheza juu na chini. Kutoka hapo zungusha idadi ya mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji wa fimbo, maana nyuzi za skrubu hutofautiana. Sasa vali zimefunguka kidogo kwa sababu lifta imejaa oili. Subiri. Dakika kumi, wakati mwingine ishirini, mpaka fimbo izunguke tena kwa vidole viwili. Ukigeuza krenki kabla ya hapo, vali iliyo wazi inaweza kukutana na pistoni. Ikishalegea, kaza nati ya kufungia, ndipo uhamie silinda nyingine.

Ukiwasha, utasikia tiki-tiki kwa dakika moja au mbili, lifta zikijaa. Ikiendelea baada ya injini kupata moto, zima. Kuna fimbo iliyosetiwa fupi au nati iliyolegea.

Kutanua silinda: 107 inaweza kufika wapi bila kufungua krenki?

Mwendo wa pistoni haubadiliki bila kubadilisha krenki, kwa hiyo unacheza na kipenyo tu. Silinda ya inchi 4.075 kwenye 107 inatoa 114. Silinda ya inchi 4.25 inatoa 124, cc 2,034 hivi. Kwenye 114, kipenyo cha 4.075 kinaipeleka 117, na 4.25 kinaipeleka karibu 128. Zote hizo zinakaa bila kuchonga kesi ya injini.

Kuna jambo ambalo matangazo hayasemi. Kutoka 107 kwenda 114 na kutoka 107 kwenda 124, kazi ni ileile: tangi linatoka, hedi zinatoka, silinda zinatoka, gasketi zote mpya, saa kumi hadi kumi na mbili za fundi. Kwa maoni yetu, kutoka 114 kwenda 117 ni ujazo usiozidi asilimia 3, na hauwezi kulipia gharama hiyo. Ukiamua kufungua hedi, ruka mpaka 124 au 128, au usifungue kabisa.

Pima pengo la ringi (pete za pistoni) zote kwa fila, kipimo cha vipande vyembamba vya chuma, hata kama sanduku limeandikwa kuwa zimeshapimwa. Ringi ikikosa nafasi ya kutanuka inakutana ncha kwa ncha ikipata moto na kuchana ukuta wa silinda.

Ni kitu gani kitavunjika kwanza nikiongeza nguvu?

Klachi. Ya kiwandani huanza kuteleza msokoto ukikaribia Nm 160 kwenye gurudumu, hasa ukifungua mafuta ghafla kwenye gia ya tano au ya sita: mizunguko inapanda, mwendo haupandi. Springi kali zaidi mara nyingi inatosha kwa Hatua ya 2. Kwa 124 nunua seti kamili ya sahani.

Halafu pampu ya oili. Milwaukee-Eight za miaka ya mwanzo zina tabia ya kuacha oili ijikusanye chini ya krenki badala ya kurudi kwenye hifadhi yake. Krenki inaanza kupiga oili kama mwiko kwenye uji: nguvu inashuka baada ya mwendo wa kasi wa muda mrefu, joto linapanda, na oili inatapikwa kwenye chujio la hewa. Harley iliiboresha pampu baadaye. Kama yako ni ya 2017 hadi 2019 na unafungua kava la kamshafti, weka pampu mpya siku hiyohiyo. Usirudie kazi mara mbili.

Kabla ya kazi kubwa, pima pia kama ncha ya krenki inayumba. Krenki hii imebanwa kwa vipande, na ikiteguka inayumbisha pampu. Kipimo cha kuruhusiwa kipo kwenye kitabu cha huduma cha modeli yako. Ikizidi, simamisha kila kitu.

Oktani gani?

Kitabu cha Harley kinataka 91 kwa kipimo cha Marekani, ambacho ni sawa na RON 95. Hapa watu huchanganya: pampu za Marekani zinaonyesha wastani wa vipimo viwili, pampu za Ulaya, Ghuba na Afrika Mashariki zinazungumzia RON. Kwa hiyo 91 ya Texas na 91 ya Muscat si petroli moja. Ile ya Muscat iko chini. Omani na Emirati zina 95 na 98, na injini iliyotanuliwa inastahili 98.

Injini ina kihisi cha kugonga kinachochelewesha cheche. Kinakuokoa, lakini kinafanya hivyo kwa kukuibia nguvu kimyakimya. Ukiona kwenye rekodi cheche zinarudishwa nyuma kila ukifungua mafuta, ramani imekazwa kuliko petroli yako.

Ninaendesha Nairobi. Mwinuko unabadilisha nini?

Unabadilisha mengi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa au Dar es Salaam. Injini inayotoa farasi 78 Mombasa inatoa karibu 64 Nairobi, hata ingekuwa mpya. Denver, Marekani, ni hadithi hiyohiyo.

Sasa piga hesabu: kutoka 107 kwenda 124 ni nyongeza ya ujazo ya asilimia 16. Zidisha 0.82 kwa 1.16, unapata 0.95. Yaani kazi nzima ya kutanua silinda Nairobi inakurudishia karibu kile ambacho mlima ulikuwa umechukua. Si sababu ya kuacha. Ni sababu ya kutoshangaa.

Kuna faida pia. Hewa nyepesi inapunguza hatari ya kugonga, hivyo unaweza kubeba kompresheni kubwa kidogo. Lakini ukishuka Mombasa na injini iliyotuniwa Nairobi kwa kukazwa mpaka mwisho, joto na hewa nzito vitakukuta njiani. Jedwali la cheche liandikwe kwa ajili ya pwani. Geji ya kompresheni nayo itasoma chini Nairobi, usimlaumu fundi.

Daino moja inasema farasi 95, nyingine 88. Nani muongo?

Huenda hakuna. Kuna kanuni mbili za kusahihisha hali ya hewa, STD na SAE, na STD huonyesha karibu asilimia 4 zaidi. Ongeza tofauti ya mashine, jinsi pikipiki ilivyofungwa mikanda na joto la injini. Na kusahihisha huko kunafuta mwinuko: karatasi ya Nairobi inaweza kuandika 78 huku gurudumu likitoa 64. Linganisha mchoro wa kabla na wa baada, mashine ileile, wiki ileile.

Waranti na sheria?

Marekani, vifaa vya Harley vilivyofungwa na wakala wake kwa mpangilio ulioidhinishwa huacha waranti ikiwa hai. Kifaa cha kutuni cha mbio huiondoa, na kompyuta hukumbuka kuwa iliandikwa upya hata ukirudisha ramani ya zamani. Mwezi Agosti 2016 Harley yenyewe ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12 kwa mamlaka ya mazingira ya Marekani kwa kuuza vifaa vya kutuni karibu 340,000 vilivyoongeza moshi kuliko ulioidhinishwa. California ni kali zaidi: kifaa kinatakiwa kiwe na namba ya idhini ya jimbo hilo.

Chujio la wazi kwenye barabara za vumbi?

Chujio la kitambaa chenye mafuta linapitisha hewa vizuri, na vumbi laini pia. Ukipita murram mara kwa mara, lioshe kila kilomita 3,000 badala ya kungoja ratiba ya kitabu, lipake mafuta yake, na ufute sehemu ya ndani kwa kitambaa cheupe: ukiona wekundu, vumbi linaingia. Ukizidisha mafuta, yanaishia kwenye kihisi na kuichanganya kompyuta. Kwa mvua kubwa vaa kifuniko chake cha kitambaa.

Injini yangu ni Twin Cam. Ushauri ni uleule?

Mpangilio ni uleule, kwa tahadhari moja. Twin Cam ina kamshafti mbili na minyororo inayokazwa na vipande vya plastiki. Za 1999 hadi 2006, isipokuwa Dyna za 2006, zilitumia springi kali zinazokula hiyo plastiki, na vipande huziba njia za oili. Ukifungua kava kwa ajili ya kamshafti, hamia kwenye vikazio vya haidroliki. Pikipiki yenye maili 30,000 ambayo haijawahi kukaguliwa, ikague kwanza, nguvu zije baadaye.

Nikishatanua silinda, niiendesheje mwanzoni?

Washa, iache ipate joto la kushikika kwa mkono, zima, iache ipoe kabisa. Rudia mara tatu. Kilomita 80 za kwanza usivuke 3,000 na usikae kwenye mwendo mmoja. Panda na kushuka, achia mafuta mara kwa mara ili ringi zikae. Usipande milima na gia kubwa. Kwenye kilomita 800 mwaga oili, kata chujio uangalie vumbi la chuma, kaza upya nati za ekzosi. Ndipo upeleke daino kwa ramani ya mwisho. Kabla ya hapo ramani ya kuanzia inatosha, ilimradi iliandikwa kwa ujazo mpya na nozo mpya.

Nitamjuaje fundi anayeifahamu kazi hii?

Muulize ataweka beringi ipi ya kamshafti, na atasubiri muda gani baada ya kuseti fimbo. Muulize kama atapima kuyumba kwa krenki kabla au baada ya kukuagizia vifaa. Muombe mchoro wa daino wa pikipiki yenye vifaa vyako, ukionyesha kuanzia 2,000. Wanaoanza mchoro kwenye 3,000 wana wanachoficha. Na muulize ramani itabaki kwa nani: ukiondoka bila nakala yake, siku kompyuta ikifa utailipia tena.